Wauza kompyuta za gemu, tuambieni ni i7 gani

Mhariri,

Salaam aleikum. Naomba nafasi kwenye ukurasa wako niulize swali moja kwa wauza kompyuta wa hapa Mombasa: i7 gani? Hiyo i7 ni jina la prosesa za Intel, yaani ubongo wa kompyuta, na jina hilo limebandikwa kwa prosesa za miaka mingi. Maana ukipita tauni utaziona zimepangwa dirishani, kasha la kioo, feni tatu zang'aa kama mapambo ya harusi, na stika moja imebandikwa juu, PC ya gemu, i7, rami 16, grafiki 4GB, bei hii. Basi. Rami ni memori ya kufanyia kazi, grafiki ni kadi ya kuchora picha, lakini grafiki ya jina gani hakuna, pawa saplai, kile kisanduku cha kuilisha kompyuta stima, ya nani hakuna, na hiyo i7 ni ya mwaka gani ndo usiulize kabisa.

Mie ni fundi wa friji na AC, nakaa Majengo, kazi hii nimeila miaka ishirini na mbili. Kompyuta nilikuwa sizijui. Nimezijua kwa sababu ya hasara, na hasara yenyewe ndo hii naieleza.

Kijana wangu alikuwa mtu wa kwenda kucheza kwa jirani, zile PlayStation za kulipia, akitumwa sukari chenji hairudi. Nikamwambia fanya mtihani wa kidato cha nne vizuri nitakununulia kompyuta yako uache kunimalizia shilingi ishirini ishirini. Basi mwaka jana Januari matokeo yakatoka, kijana kaja na B, sina pa kukimbilia. Bahati nilikuwa nimefunga AC sita kwenye nyumba moja Nyali, nikawa na elfu arobaini na tano mkononi, tukashuka tauni mie na yeye.

Kijana wa dukani akatupokea vizuri sana, soda na nini. Akasema, "Ami, hii ni i7, hapa umefika mwisho, hakuna gemu itakayoishinda." Mie na ufundi wangu nikaona na mie niulize swali la kifundi nisionekane mjinga, nikamuuliza yala wati ngapi. Akasema mia tano ami, ina nguvu hiyo. Nikaridhika! Nikajiona nimeuliza swali la maana. Tukaipakia kwenye tuktuk, kijana kaikumbatia mpaka nyumbani kama mtoto mchanga, na ile jioni chumba kilijaa watoto wa mtaa mzima waja kuangalia taa.

Gemu ndogo ndogo ilicheza. Alipoweka GTA V, na hiyo ni gemu iliyotoka kwa kompyuta 2015, si ya jana, picha ikawa yaenda yasimama, yaenda yasimama, kama video ya WhatsApp bando likikaribia kuisha. Rafiki yake mmoja anayesomea mambo haya akaja na programu ya bure yaitwa GPU-Z, inayosoma kadi ya grafiki kutoka ndani. Ikaandika jina, GTX 1050 Ti, kadi ya kampuni ya Nvidia, lakini mbele ya jina ikaweka neno FAKE kwenye mabano. Yaani programu yenyewe yakwambia hii ni feki. Kumbe ndani ni GTS 450, kadi ya 2010, mtu ameichukua akaibadilisha ile programu yake ya ndani ijiite jina jingine na ijifanye ina memori ya 4GB ilhali ina moja tu, ukiijaza zaidi ya hapo ndo yakwama.

Yule kijana akanionyesha alama ambayo hata mie nisiyejua ningeiona nikiwa dukani kama ningeambiwa. Nyuma ya kadi palikuwa na tundu la buluu la VGA, lile la skrini za zamani lenye pini kumi na tano. Nvidia kwenye kizazi hicho cha 1050 waliiondoa kabisa njia ya VGA ndani ya chipu. Kwa hivyo ukiona 1050 Ti ina tundu la buluu, usiulize bei, aga uende zako. Na ile i7, mhariri, ilikuwa i7-2600. Hiyo imetoka 2011. Mwanangu wakati huo hajaanza hata nasari.

Siku ya tisa, usiku, nikasikia harufu. Ile harufu mie naijua, hata niwe usingizini, ni kapasita, kile kidude cha kuhifadhi stima, imepasuka. Nikachomoa waya ukutani, asubuhi nikafungua. Nikaitoa ile pawa saplai iliyoandikwa 500W, na nilipoishika ndo nikajua nimechezwa, maana niliinua kwa vidole viwili tu, nyepesi kama boksi tupu la biskuti. Ndani kapasita mbili vichwa vimefura, waya wembamba, mahali pa koili za kuchuja stima kwenye ile bodi pameachwa matundu matupu na vipande vya waya vimechomelewa vikaunganisha moja kwa moja. Nikaisoma stika yake kwa makini sasa, kama ambavyo ningesoma stika ya kompresa. Kwenye mstari wa volti 12 imeandikwa ampia 16. Piga hiyo hesabu: 12 mara 16 ni 192. Na hiyo volti 12 ndiyo inayolisha prosesa na kadi ya grafiki, hizo nyingine za 5 na 3.3 kazi yake ni ndogo. Yaani wati mia tano ya jina, mia na tisini na mbili ya kazi, na hata hizo sidhani. Pawa saplai ya kweli ya mia tano utakuta ampia kwenye volti 12 ni arobaini hivi.

Hapa naomba nikae kidogo maana ndo sehemu yangu. Kompresa ya friji wakati wa kuanza huvuta stima mara kadhaa kuliko ikishatulia, kila fundi ajua. Kadi ya grafiki nayo ina tabia kama hiyo, yatulia yatulia halafu kwa nukta moja yavuta kwa ghafla, kwa hivyo ukiweka pawa saplai iliyotosha kwa hesabu ya kubana utazimikiwa katikati ya gemu au utachoma. Na stima ya huku kwetu kwenye karatasi ni volti 240, lakini mie nimepima na mita yangu kwenye nyumba za watu jioni, pangaboi na pasi na majiko yamewaka, nikapata 190. Halafu ikipotea na kurudi, yarudi kwa kishindo. Pawa saplai nzuri hustahimili hayo, ile nyepesi hufa, na ikifa huenda na wenzake. Ukiona alama ya 80 Plus usidhani ndo umemaliza, hiyo yakwambia stima kiasi gani yapotea kuwa joto, haikwambii vifaa vya ndani ni imara vipi, na stika yenyewe yoyote aweza kuichapisha. Soma ampia, pima uzito kwa mkono, uliza kama ina waranti ya miaka. Na UPS, lile boksi la betri, ndogo ya 650VA weka ukiweza, si ya kuendelea kucheza gizani, ni ya kukupa dakika chache uzime kwa amani.

Nikarudi dukani. Yule kijana aliyenipa soda sasa hanijui. Mwenye duka akasema sisi hatutengenezi ami, sisi twauza. Nikatoa risiti, risiti yasema "1 PC ya gemu, 45,000". Hapo ndo nilipoona ubaya wa jambo hili lote, maana karatasi yangu haikusema i7-2600, haikusema 1050 Ti, haikusema chochote, sasa mie nitadai nini nimeuziwa uongo na uongo wenyewe haukuandikwa? Ukutani pameandikwa bidhaa ikishauzwa hairudi. Lakini Katiba ya 2010 kifungu cha 46 chasema mnunuzi ana haki ya bidhaa ya ubora unaofaa na ana haki ya kupewa habari za kumwezesha kufaidika nayo, na kuna sheria ya kulinda watumiaji ya 2012 juu yake. Niliyasema hayo nikiwa nimesimama pale, wateja wawili wakageuka. Mwenye duka akanivuta pembeni akanipa kibodi yenye taa za rangi, eti tumalize. Nikaichukua, wallahi, nilikuwa nimechoka.

Basi safari ya pili tukaenda kwa akili. Na nitasema tulichojifunza kwa wale wenye pesa kidogo kama mie, kila mtu atachukua linalomfaa.

Kuna njia mbili. Ya kwanza ni zile kompyuta za ofisini za mitumba, ex-UK, Dell OptiPlex na HP EliteDesk na jamaa zake. Hizi si mbaya hata kidogo, ni imara, tatizo ni watu kununua ile nyembamba ya kulala kwa sababu ni rahisi. Hiyo nyembamba pawa saplai yake ni ya wati 240 hivi, plagi zake za ndani ni za kampuni yenyewe kwa hivyo huwezi kuchomeka nyingine ya dukani hivi hivi, na kadi haziingii ila zile fupi za nusu kimo zisizohitaji waya wa ziada, yaani isizidi wati 75 zinazotoka kwenye tundu lenyewe la madabodi, ile bodi kubwa inayobeba vyote. Hapo utapata GTX 1650 fupi, ukiipata, na bei yake ni ya kuringa. Kuna RX 6400 pia, yala wati hamsini na kitu tu, lakini hiyo imejengwa na njia nne tu za kupitisha data, kwenye kompyuta ya zamani yapungua nguvu. Kwa hivyo ukienda njia hii tafuta ile ndefu ya kusimama. Na uliza kizazi cha prosesa, namba yake ndo yasema: 2600 ni kizazi cha pili, 8500 ni cha nane. Windows 10 iliachwa kuhudumiwa tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 kwa Intel yakubali rasmi kuanzia kizazi cha nane, kama i5-8500 ambayo ina koa sita, yaani vichwa sita vya kufanya kazi. Kwa hivyo i5 ya kizazi cha nane ni bora kuliko i7 ya kizazi cha pili kama ile yangu, na hii ndo sentensi ningependa iandikwe kwenye mlango wa kila duka la kompyuta kuanzia Digo Road mpaka Mtwapa. Kijana akicheza gemu ya Valorant kwenye Windows 11 pia itamdai TPM 2.0 na Secure Boot, vitu vya usalama vya ndani ya mashine, sasa ile mashine ya 2011 ataipatia wapi?

Njia ya pili ndo tuliyoifuata sisi, kununua kipande kipande, na kuanza bila kadi. Watu walitucheka, kompyuta ya gemu bila kadi ya grafiki! Tukachukua prosesa ya Ryzen 5 5600G, koa sita, hiyo G ndo yenye grafiki yake ndani. Angalia hapo, 5600 bila G haina picha kabisa usipoweka kadi, na Intel yenye herufi F mwishoni ni vivyo hivyo, nimewahi kumuona mtu amerudi dukani mbio asema kompyuta imekufa, skrini nyeusi, kumbe alinunua i3-12100F na hana kadi. Herufi moja tu hiyo. Ile 5600 ni kali zaidi ukishakuwa na kadi, ina kashe, ile memori ndogo ya haraka ndani ya prosesa, mara mbili, lakini sisi kadi hatukuwa nayo na pesa ilikuwa imeisha.

Rami tukanunua mbili za 8GB, si moja ya 16. Muuzaji alitaka kutupa moja, asema utaongeza nyingine baadaye. Kijana akakataa, na alikuwa na haki, maana rami mbili zafanya kazi kwa njia mbili kwa pamoja, na grafiki ya ndani ya prosesa haina memori yake, yakopa hiyo hiyo rami, ukiweka moja unaibana shingo. Tuliwahi kununua kabla ya mwisho wa 2025, sasa hivi rami imepanda vibaya, viwanda vya memori vimegeukia mitambo ya AI huko nje na sisi wa Majengo twalipia. Madabodi tukachukua A520 ya kawaida tu. Mtu akikuuzia madabodi ya B450 ya mtumba mwambie aiwashe na prosesa yako pale pale, nyingine BIOS yake, ile programu ya kuiwashia, ni ya zamani haiitambui mpaka isasishwe. SSD, yaani diski ya kuhifadhia, ya 512GB, kasha la chuma lenye wavu mbele, pawa saplai ya uzito wake. Jumla elfu arobaini na sita. Elfu moja zaidi ya lile jiko la kwanza!

Akacheza miezi minne hivyo, gemu za mpira na nyinginezo kwa setingi za chini, hakulalamika. Nami nikawa naweka weka. Kwenye kutafuta kadi ndo tulipokutana na RX 580, ziko tele na ni rahisi, 8GB. Nyingi zilikuwa zikichimba sarafu za mtandaoni mchana na usiku mpaka Septemba 2022 sarafu ya Ethereum ilipoacha kuchimbwa kwa kadi, zikamwagwa sokoni. Kuchimba si dhambi, nyingine bado nzima, ila kuna moja imeandikwa 580 2048SP ambayo kwa kweli ni 570 imevaa kanzu ya kaka yake. Na ile 580 yenyewe yala wati 185, na joto hilo lote lamwagwa ndani ya chumba chenye dirisha moja, Machi ya Mombasa, nani atalala? Tukangoja, tukapata RX 6600 ya mtumba kwa elfu ishirini na mbili, 8GB pia, wati 132, na ni kali kuliko 580 kwa mbali. Kwangu mie ukiwa na pesa kidogo ngoja uipate hii kuliko kurukia kadi ya 4GB leo halafu mwakani uuze kwa hasara.

Jambo ambalo watu wa Nairobi hawatakwambia ni chumvi. Mie nabadilisha koili za AC zilizoliwa na hewa ya bahari kila wiki, na kadi ya grafiki ni vile vile, ina mabomba ya shaba na mapezi ya alumini. Ukinunua mtumba huku pwani toa tochi ya simu umulike katikati ya mapezi, ukiona unga mweupe au kijani kibichi pembeni mwa shaba, na skrubu za nyuma zimeshika kutu, hiyo imekaa karibu na bahari miaka, iache. Nyumbani usiiweke chini ya dirisha la upepo wa bahari hata kama ndo penye baridi. Kila miezi miwili tunafungua, brashi laini, na ukipuliza kwa bloa shika feni kwa kidole isizunguke. Zile keisi za kioo mbele sizitaki kuzisikia, hewa yaingilia wapi? Friji ukiisukuma ikagusa ukuta yachemka, na hii vile vile.

Sasa ombi langu kwa wenye maduka, na najua si wote wabaya, maana pawa saplai na madabodi nilinunua kwa bwana mmoja mwenye kijiduka cha kupanda ngazi, hana dirisha la taa, alichukua kalamu akaniandikia kila kitu jina na namba yake ya siriali moja moja mpaka risiti ikajaa nyuma na mbele, halafu akaiwasha, akaiendesha gemu nzito nusu saa mbele yetu huku akinywa kahawa. Ilimchukua dakika kumi kuandika. Hicho tu ndicho tunachotaka. Stika iseme i7-2600, mtu akiitaka ainunue kwa bei ya i7-2600, kuna wa kuandikia barua na kuangalia sinema itawafaa sana. Iseme kadi ni nini na pawa saplai ina ampia ngapi. Na mteja aruhusiwe kuwasha GPU-Z kabla ya kutuma Mpesa, si baada. Idara zinazohusika na mizani za wauza nyama na petroli zingeweza kupita huko pia siku moja, kwani wati mia tano isiyo mia tano ina tofauti gani na kilo isiyo kilo?

Wazazi wenzangu nanyi mwende na watoto wenu, wao wasoma hizi namba haraka kuliko sisi, shida yao ni taa tu zawapumbaza.

Lile kasha la kioo lipo kibandani kwangu, nimelitia spana na mita za gesi, feni zake nilizitoa nikaweka kwa mke wangu kwenye kabati la vyombo. Na yule kijana wa dukani kama anasoma gazeti, kibodi yake bado yafanya kazi, herufi ya M tu ndo imeacha kuwaka, ila risiti yangu ya "1 PC ya gemu" sijaitupa.

Fundi wa Friji,
Majengo, Mombasa